Mjukuu Wangu Kasema Harudi Chuo

Hapa Buguruni watu wanasema Mama Rehema amestaafu. Nawaacha waseme. Neno lenyewe lina heshima yake, na mtu akishaitwa mstaafu anapishwa kwenye kiti hata na wale wasiomjua. Lakini mimi sikustaafu. Kazi yangu ndiyo iliyotangulia kuondoka, mimi nikabaki nimeshika penseli. Nyie mlioko vyuoni mtanisamehe kuanza na maneno ya kukatisha tamaa, ila sina tabia ya kuzungukazunguka, na hili ninalotaka kuwaeleza limenikaa rohoni siku zote hizi.

Kazi yangu ilikuwa ya picha. Kariakoo, mtaa wa ndani, nyuma ya maduka ya vitambaa, palikuwa na studio ya Mhindi mmoja tuliyekuwa tunamwita Kantibhai. Yeye ndiye aliyepiga. Mimi nilikaa chumba cha nyuma nikirekebisha. Filamu ikitoka kwenye dawa ilikuja mezani kwangu kabla picha haijatolewa kwenye karatasi. Meza yenyewe ilikuwa ya kioo na taa chini yake. Nachonga penseli kwenye msasa mpaka ncha inakuwa nyembamba kama sindano, halafu nainama naziba chunusi za watu. Bi harusi aliyeamka na kidonda mdomoni anatoka hana kidonda. Mzee mwenye makunyanzi nampunguzia kidogo, lakini si sana, maana ukizidisha wajukuu zake wanauliza huyu ni nani.

Sasa huyo mjukuu wangu. Anaitwa Nasra, mtoto wa Rehema, binti yangu wa pekee. Yuko chuo, amebakiza mwaka mmoja. Anasomea kutengeneza picha na matangazo kwa kompyuta, wenyewe wanaita grafiki. Alipochaguliwa nilitamba mtaa mzima. Nilisema kazi yangu imemruka mama yake imetua kwa mtoto, na kila aliyekuja kuazima chumvi kwangu aliondoka na habari hizo.

Likizo ilipokaribia kuisha akaja kwangu mchana, akanipa shikamoo ya harakaharaka, akakaa kwenye mkeka.

"Bibi, mimi sirudi."

"Hurudi wapi?"

"Chuo. Kinafungua Jumatatu. Sirudi."

Nikazima redio. Nikamuuliza kama ana mimba. Msinicheke, bibi yeyote angeanza na hilo. Akasema hana. Nikamuuliza kama kuna mwalimu anamsumbua. Akasema hakuna. Akatoa simu akaniambia nitazame.

Akaandika maneno machache tu: duka la vitenge Kariakoo, mama kasimama mlangoni, rangi ziwe za kung'aa, maandishi makubwa juu. Sijamaliza kuvaa miwani, tangazo limeshakuja. Mama kasimama, vitenge vimepangwa, mwanga umempiga upande mmoja wa uso kama Kantibhai alivyokuwa anaweka taa zake. Nilitafuta kosa. Kutafuta makosa ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, na niliona moja tu, kwenye vidole. Nasra akasema hata hilo mwaka jana lilikuwa baya zaidi, sasa hivi linaisha.

"Hiki ndicho ninachosomea, Bibi," akasema. "Mwenye vitenge ananiita wa nini?"

Hiyo ndiyo akili mnemba, nyie mnaita ei-ai. Nilikuwa naisikia redioni nikadhani ni mambo ya wakubwa. Kumbe imeshaingia mpaka kwenye mkeka wangu.

Mtoto akafungua moyo. Akasema akikaa darasani mapigo yanamwenda mbio, anamsikiliza mwalimu huku anajiuliza kama huyu mwalimu mwenyewe atakuwepo. Wanaambiwa, "Msiiogope, jifunzeni kuitumia." Naye anajiuliza, kama kila mtu anaitumia, yeye atalipwa kwa lipi? Alifikiria kuhamia uhasibu, akasoma mahali kwamba hesabu ndizo za kwanza kwenda. Alifikiria mambo ya kutoa mizigo bandarini, rafiki yake mwenye kaka huko akamwambia makaratasi yote yameingia kwenye kompyuta na waliokuwa wanakimbia na mafaili siku hizi wanakaa kivulini wakisubiri kuitwa. Alifikiria unesi, lakini damu anaiogopa tangu utotoni, akiona kuku anachinjwa anakwenda kujifungia. Kila mlango aliougusa alikuta mashine imeshakaa ndani. "Wenzangu wanasema poa tu, tutajua mbele ya safari," akasema. "Mimi siwezi kusema poa. Kichwa kinaniuma, Bibi."

Kulikuwa na jambo jingine. Mama yake amempatia nafasi kwenye duka la simu Kariakoo. Mwenye duka anataka msichana mchangamfu anayejua simu, aanze Jumatatu hiyohiyo. Rehema hakukosea kutafuta. Yeye anapanga nguo za mitumba barazani tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, na anataka mtoto wake akae dukani kwenye feni. Lakini hata Rehema alikuwa na mashaka, ndiyo maana akamtuma kwangu.

"Mama kasema nije kwako kwanza," Nasra akasema. "Ukisema nirudi chuo, narudi. Ukisema niingie dukani, naingia."

"Kwa nini mimi? Mimi hata namba kwenye simu yangu mnanibonyezea nyie."

"Wewe kazi ilikufia, Bibi. Wewe unajua ilivyo."

Nilimwambia akachemshe chai. Mtu akikuuliza swali ambalo huna jibu lake, mtume jikoni. Hilo nalo ni fundisho la kazini, mteja mkorofi Kantibhai alikuwa anampeleka kwenye kioo akachane nywele kwanza.

Akiwa jikoni nikaanza kuikumbuka hofu yangu mwenyewe, na naona niwasimulie na nyie, kwa sababu wazee wengi tunapenda kuwasimulia ushindi tu.

Nilipoanza kazi nilikuwa msichana mwenye mikono mepesi na kichwa kigumu. Sehemu ngumu kuliko zote studio ilikuwa kuunganisha marehemu. Siku hizo mtu angeweza kufa ameacha picha moja tu, ile ndogo ya kitambulisho. Watoto wanakuja nayo, wanasema tunataka baba akae na sisi. Basi Kantibhai anawapiga watoto, anaacha nafasi katikati. Ile ndogo anaipiga upya aikuze. Mimi nakata kichwa kwa wembe, nakigeuza nyuma, nakisugua kwa msasa ukingoni mpaka karatasi inakuwa laini kama ganda la kitunguu, nagundisha, halafu napita na brashi yenye nywele tatu nne kuficha mshono. Kisha yote inapigwa picha tena. Ukifanya vizuri, baba amekaa na wanawe. Ukifanya vibaya, baba anaelea juu ya mabega ya wanawe na watoto wadogo wanalia.

Kazi moja ilikuwa ya familia ya Waarabu waliokuwa na duka la viungo hapo jirani. Niliifanya kwa mapenzi yote. Mshono hauonekani, mabega yamelingana, hata Kantibhai alinyanyua nyusi. Mtoto mkubwa alipokuja kuchukua aliitazama kidogo tu, akailaza kifudifudi mezani. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba amesujudu maisha yake yote, dada yangu. Wewe umemfuta."

Nilikuwa nimeondoa alama ya sijida kwenye paji la uso. Na mimi mwenyewe ni Mwislamu, baba yangu alikuwa nayo hiyohiyo. Lakini kwenye filamu ilikuwa doa, na mkono wangu ulikuwa umeshazoea kwamba doa ni la kuziba. Mkono ukizoea hauulizi. Kantibhai hakunifokea. Alinichukua mpaka dukani kwao, akaniketisha mbele ya mama mjane, akaniambia muulize. Niulize nini? Akasema, muulize alikuwaje. Tangu hapo ikawa sheria kwangu: sishiki penseli ya marehemu kabla sijakaa na watu wake. Alikuwa mrefu kumzidi nani? Kofia aliivaa nyuma au mbele? Weusi wake ulikuwa wa maji ya kunde au wa kuiva? Watu walikuwa wanaanza kwa kujibu swali, wanaishia kulia au kucheka, na mimi nikirudi mezani najua cha kufanya.

Halafu ikaja mashine ya rangi. Kubwa, imefungwa na mbao, ikatolewa kwenye lori na vijana wa mtaani huku Kantibhai anakimbia pembeni yao akiwaombea dua za kwao. Unaingiza mkanda huku, picha zinatoka kule, zimekauka. Chumba cha giza kilikuwa na mzee wetu mmoja, Mzee Abdi, ambaye alikuwa akipima joto la dawa kwa kidole kidogo na hakosei. Alikuja akaisimamia ile mashine, akainusa, akasema hii itaharibika wiki hiihii. Sote tulimwamini kwa sababu tulitaka kumwamini. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mzee Abdi akawa anakuja kazini anakaa kwenye kigoda nje ya chumba chake, hana la kufanya, mpaka akaacha kuja.

Mimi nilibaki, maana hata mashine ilikuwa haijui kuunganisha marehemu. Lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Nilikuwa naenda kazini nikihesabu nani ametoka na nani amebaki. Wakati huohuo mjomba wangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi hospitali akaniambia wanatafuta mtu wa kusafisha picha za eksirei, mtu aliyezoea dawa na chumba cha giza. Kazi ya serikali. Nilimwendea Kantibhai kumuaga.

Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini akaniambia, "Zaina, watu wataacha kuoana? Wataacha kuzaa? Wataacha kutaka sura zao? Kaa hapa, kazi ipo."

Alisema kwa uhakika mtupu, kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne. Alikuwa amenifundisha kila kitu, nami nikadhani na hilo analijua. Sikwenda hospitali.

Na hakusema uongo. Mpaka leo watu wanaoana, wanazaa, na sura zao wanazitaka kuliko zamani. Tatizo ni kwamba wanajipiga wenyewe. Zilikuja kamera zisizo na mkanda, zikaja simu, na mteja akawa mmoja mmoja, halafu wa pasipoti tu, halafu hata huyo akawa anapigwa hukohuko ofisini. Siku moja Kantibhai akaja na funguo mkononi, akasema watoto wake wa ng'ambo wamemwita. Alilia, na mimi nikalia. Nilikuwa na maneno ya kumwambia lakini nilimwona amezeeka sana nikayameza. Nikafika nyumbani ndipo hasira ikanipanda, na yeye alikuwa ameshapanda ndege. Nilikaa na hasira hiyo miaka, sina pa kuipeleka, nikaishia kujitukana mwenyewe kwa ujinga wa kukaa.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo atamwambia nini mtoto anayesubiri neno lake? Nasra alileta chai, nikamwambia nipe mpaka Jumapili.

Ijumaa asubuhi jirani yangu Mama Salha akapiga hodi. Binti yake Salha anaolewa, na baba yake Salha alifariki mwaka jana. Alitaka picha kubwa ya kuweka ukumbini, baba na binti wamesimama pamoja.

"Zile kazi zako za zamani, Mama Rehema," akasema.

Nikamwambia macho yangu yamekwisha, ila mjukuu yupo. Nasra, aliyekuwa amekuja kunisalimia, akanuna. Nikamkazia macho, akachukua simu. Mama Salha akampa picha mbili, ya mzee na ya binti, na kabla maji ya kumkaribisha hayajafika kazi ilikuwa imeisha. Baba Salha kasimama na kanzu nyeupe na koti, tabasamu la meno yote, mkono begani kwa binti yake. Hakuna mshono, hakuna kichwa kinachoelea. Mimi mwenyewe nilisema mashallah, kisha nikaanza kuhesabu, maana kazi ya namna ile ilikuwa inanichukua siku kadhaa na shingo kuuma.

Mama Salha akaisogeza simu karibu na macho.

"Mzuri sana huyu baba," akasema taratibu. "Ila simjui."

Nikajiweka sawa kuanza maswali yangu ya kofia na weusi. Nasra akanitangulia. Akauliza, "Mama, una video yake yoyote?"

Ilikuwepo moja, fupi, aliyopigwa na rafiki yake Jangwani, kwenye klabu ya timu yake, siku ya mechi. Mtu mmoja kamwaga juisi, Baba Salha anamcheka. Kichwa anakilaza upande, jicho moja linafunga, na anaziba mdomo kwa mkono kwa sababu ya pengo. Nasra aliitazama akairudia, akairudia tena. Akamsogelea Mama Salha wakakaa bega kwa bega.

"Siku zote alikuwa anacheka hivi?"

"Akicheka kweli. Akicheka kwa adabu, mdomo unafungwa."

"Tumfanye acheke kweli au kwa adabu?"

Swali hilo mimi nisingeliuliza. Siku zetu marehemu wote walikaa kwa adabu. Mama Salha alifikiri, akasema kweli.

"Na kanzu tumwachie?"

"Kanzu alikuwa anavaa kwa kulazimishwa. Mvalishe fulana yake ya timu."

Hapo nikaingilia. Nikasema jamani, ni harusi, wakwe watakuja, shehe atakuja, baba wa bi harusi ndani ya fulana ya mpira itakuwaje?

"Mama Rehema," akasema, "hata siku tulipooana aliivaa ndani ya kanzu. Nimekuja kuiona jioni."

Nikawaachia. Mtoto akafanya kazi mpaka alasiri ikaingia. Alikuwa anaandika, anasubiri, anasonya, anaandika tena. Mashine ikampa Baba Salha vidole sita. Ikampa fulana ya timu pinzani ambayo marehemu asingekubali hata kuitumia kupigia deki. Ikamrudishia meno yote, Nasra akaigombeza simu kama mtu anayemgombeza mdogo wake: "Nimekwambia ana pengo, wewe husikii?" Kila ikija mpya anamwonyesha Mama Salha, wanaongea, shingo zaidi, jicho hili lifumbe kidogo. Kanga imemvuka kichwani hana habari. Chai ikapoa pembeni yake.

Mwisho akampa simu. Mama Salha akaichukua, akasimama mlangoni akatupa mgongo. Tukangoja. Aliporudi uso ulikuwa umelowa.

"Ndiyo," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa anachelewa kurudi mpaka wali unapoa."

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niwaambie mnaona, mashine haiwezi bila mtu, basi tulieni. Na mimi nilikuwa karibu kulisema, lilikuwa limeshafika mdomoni. Mama Salha alipoondoka nikamgeukia Nasra, na yeye akawa ameshaona ninachotaka kusema.

"Bibi, usiniambie. Mwakani simu yenyewe itamuuliza kama alikuwa anacheka kwa adabu."

Inawezekana. Mzee Abdi alisema itaharibika wiki hiihii, Kantibhai alisema kazi ipo, na mimi nani niseme simu haitajifunza kuuliza? Jumamosi nzima nilitembea ndani ya nyumba nikigusa vitu nisivyovihitaji. Nikisema rudi chuo, mwaka unaisha, anatoka na cheti, hakuna anayemwita, na ile nafasi ya duka imeshachukuliwa. Nikisema ingia dukani, atauza simu, na kila atakayemuuzia atamwona anakwenda kufanya kwa simu hiyo kazi aliyoitaka Nasra. Kote nilikoangalia niliona mtoto wangu amekaa kwenye kigoda nje ya chumba, hana la kufanya.

Jumapili Rehema akaja naye, mkononi ana dawa zangu za presha nisizopenda kuzimeza. Hata kabla hajakaa akanianza.

"Mama, najua utamwambia arudi. Wewe unapenda hizo picha zako. Akikosa kazi utamlisha wewe?"

"Sitaweza," nikasema.

"Basi."

"Sijasema kitu bado, Rehema. Kaa."

Akakaa. Nasra alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameifumbata, anatazama miguu yake. Nilimwona mdogo kabisa, kama siku ile alipopotea Kariakoo sokoni tukamkuta kwa muuza mabeseni.

"Nasra," nikasema, "umeniuliza kwa sababu unadhani najua. Sijui. Kazi yangu ilipokufa niliogopa, na mpaka leo sijaelewa ningefanya nini ili isife. Anayekwambia kazi ipo, hajui. Anayekwambia haipo, naye hajui. Mama yako hajui ila amechoka, na uchovu wake ni wa haki."

Rehema akainamisha uso.

"Sasa Bibi, nimuulize nani?" Nasra akasema.

"Subiri, sijamaliza. Kuna kitu kimoja nimekiona, ni kidogo, usikikuze. Ijumaa ulipokuwa unaigombeza ile simu, ulisahau kuogopa. Toka asubuhi hadi alasiri. Mimi nimekuona na hofu tangu ulipokuja likizo, unakula nayo. Ijumaa ilitoka. Kwa hiyo nakwambia rudi. Sina sababu nyingine."

Nikaona niimalizie, maana nusu yake ya pili ndiyo niliyoizunguka Jumamosi nzima.

"Na kama nimekosea, ukamaliza ukakosa kazi, njoo unilaumu mimi. Usimlaumu mama yako, yeye alikutafutia duka. Wala usijilaumu mwenyewe, wewe uliuliza. Njoo hapahapa, kaa kwenye mkeka, uniseme mpaka uchoke. Sitakujibu hata neno."

Rehema alianza kucheka, akashindwa, akafuta macho na ncha ya mtandio.

Nasra alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu aje.

"Utakuwepo, Bibi?"

Mtoto hakuwa na nia mbaya. Aliuliza tu kama mtu anayeuliza duka linafungwa saa ngapi.

"Nitakuwepo," nikasema.

Jumatatu alirudi chuo. Bado anaogopa, ananipigia ananiambia, na mimi bado naogopa ila simwambii. Zile dawa za presha ambazo Rehema alikuwa ananifukuza nazo nyumba nzima, sasa nazimeza mwenyewe kila asubuhi kabla ya chai.